Gari linachemsha na maji yanapungua: namna ya kutafuta yanakokwenda

Ukitoka Ruaha Mbuyuni kwenda Ilula, utapanda mlima Kitonga. Hapo ndipo magari yaliyotembea vizuri tangu Morogoro huonekana pembeni ya barabara, boneti juu, dereva kashika dumu la maji akisubiri mvuke uishe. Ukiuliza, wengi watakwambia walijua. Rejeta ilikuwa inapungua maji wiki kadhaa, wakawa wanaongeza kila asubuhi, na gari likawa linafika kazini. Kitonga si Kariakoo.

Mfumo wa kupoza injini umefungwa pande zote. Gari zima humaliza miezi mingi bila kudai hata kikombe kimoja cha maji. Yakipungua, basi yana njia, na njia kubwa ni tatu: yanavuja nje ya injini, yanavujia ndani kwa abiria kupitia hita, au yanaingia ndani ya injini yenyewe. Kuongeza maji kila siku hakuzibi hata njia moja kati ya hizo. Kubadilisha vifaa kwa kubahatisha nako hakuzibi. Mpangilio ulio hapa chini unaanza na vipimo visivyogharimu senti, kisha unaingia ndani taratibu.

Kwanza, ikikukuta barabarani

Mshale wa joto ukipanda kuliko kawaida, au taa nyekundu ya joto ikiwaka, zima kiyoyozi, fungua hita hadi mwisho upande wa moto na feni yake iwe kubwa. Utasikia joto kali, lakini hita ni rejeta ndogo na inaondoa moto kwenye injini. Tafuta mahali salama, simama, zima injini. Usiendelee "mpaka kituo kinachofuata". Dakika tano za kuendesha injini isiyo na maji zinatosha kupinda silinda hedi, yaani kichwa cha injini kinachofunika silinda kwa juu, na hapo gharama inaruka kutoka kwenye mpira wa rejeta hadi kufungua injini.

Usifungue mfuniko wa rejeta. Nalisema hili kwa uzito kwa sababu watu huungua uso na kifua kila mwaka kwa kosa hili. Mfuniko unashikilia shinikizo, na ndani ya shinikizo hilo maji yanaweza kufika nyuzi 115 au 120 yakiwa bado maji. Ukifungua, shinikizo linaondoka mara moja, na maji yaliyozidi nyuzi 100 hugeuka mvuke papo hapo na kuruka juu. Mahali palipoinuka kama Mbeya, yapata mita 1,700 juu ya bahari, maji ya wazi huchemka kwenye nyuzi 94 hivi, kwa hiyo hatari inaanza mapema zaidi. Subiri saa nzima. Ukishika mpira wa juu wa rejeta na mkono ukavumilia, na ukiubonyeza ukawa laini, ndipo ufungue, ukiwa umefunika mfuniko kwa kitambaa kinene na kuuzungusha kidogo kidogo.

Wala usimwage maji baridi kwenye injini yenye moto, si kwa juu wala kwa ndani. Hedi ya alumini ikipoa ghafla upande mmoja hupasuka.

Kuna jambo moja kuhusu mshale ambalo madereva wengi hawajaambiwa. Sensa ya joto imetengenezwa ikae ndani ya maji. Maji yakiisha kabisa, sensa inabaki kwenye hewa na mvuke, na mshale unaweza kushuka wakati injini inaungua. Isitoshe, magari madogo kama Vitz na Passo mengi hayana mshale: yana taa ya bluu ya injini baridi na taa nyekundu, ambayo huwaka mambo yakiwa yameshaharibika. Kuna dalili nyingine iliyo ya mapema: ukifungua hita na injini ina moto, lakini upepo unatoka wa baridi, maji hayafiki kwenye hita. Simama.

Hatua ya 1: Pima, usikisie

Asubuhi kabla ya kuwasha, gari likiwa kwenye sakafu tambarare, fungua mfuniko wa rejeta na ujaze hadi shingoni. Jaza na tangi la akiba, yaani rizevu, hadi kati ya alama ya chini na ya juu. Bandika utepe wa karatasi kwenye rizevu usawa wa maji, andika tarehe na kilomita. Endesha siku mbili tatu kama kawaida, kisha kagua tena, injini ikiwa baridi vilevile. Usilinganishe kipimo cha baridi na cha moto, maana maji hupanda kwenye rizevu yakipata joto na kurudi yakipoa.

Majibu yanazungumza. Rejeta na rizevu vyote vimepungua: kuna uvujaji. Rejeta imepungua lakini rizevu imejaa, pengine imezidi: maji yanatoka kwenda rizevu ila hayarudi, basi shuku mfuniko au ule mpira mwembamba unaounganisha viwili hivyo. Rizevu inafurika na kumwaga: ama mfuniko umechoka, ama kuna gesi ya injini inayosukuma maji nje. Nusu ya utafutaji umeshafanyika, na hujashika spana.

Angalia pia kiasi. Injini ndogo ya lita 1.5 hubeba maji takribani lita tano. Ukipoteza glasi moja kwa wiki, una muda wa kutafuta kwa utulivu. Ukipoteza lita moja kwa siku, usitoke na gari hilo mjini.

Na ukumbuke ilichemka wapi. Gari linalochemka kwenye foleni na kupoa likipata mwendo linalalamikia feni: mota, fyuzi au rilei. Linalochemka mlimani au kwenye mwendo mkubwa lina maji pungufu, rejeta iliyoziba, au gasketi ya hedi iliyokufa, yaani muhuri ulio kati ya hedi na bloku ya injini. Tofauti hii ina maana, kwa sababu kuna magari yanayopoteza maji *baada* ya kuchemka, yakimwaga kupitia mfuniko, na mwenye gari akahangaika kutafuta uvujaji usiokuwepo wakati feni ndiyo haizunguki.

Hatua ya 2: Mfuniko wa rejeta

Kifaa kidogo, na kinadharauliwa kuliko vyote. Juu yake pameandikwa namba, mara nyingi 0.9 au 1.1, nayo ndiyo shinikizo unaloshikilia. Kwa mfuniko wa 1.1 ulio mzima, maji matupu hayachemki mpaka karibu nyuzi 120. Ukilegea, yanachemka kwenye 100, yanamwagika, na injini inaonekana mbovu kumbe haina kosa.

Ugeuze uangalie chini. Mpira wa muhuri usiwe umepasuka, umekauka wala umebonyea upande mmoja. Vuta kile kisahani kidogo cha katikati: kinapaswa kufunguka na kurudi chenyewe. Hicho ndicho kinachoruhusu maji yarudi kutoka rizevu injini ikipoa. Kikikwama, mpira wa juu wa rejeta utaukuta umenyonywa bapa asubuhi. Badilisha kwa mfuniko wa namba ileile. Kuweka wa namba kubwa ili "usifunguke" ni kuhamishia shinikizo kwenye mipira na plastiki iliyozeeka.

Hatua ya 3: Macho, tochi na kipande cha boksi

Laza boksi jeupe chini ya injini usiku mzima. Asubuhi, doa la rangi ya pinki, nyekundu, kijani au bluu lenye utelezi na harufu tamutamu ni kulanti, yaani kimiminika cha rangi cha kupozea injini. Maji safi yasiyo na harufu yanayodondoka upande wa abiria baada ya kutumia kiyoyozi ni ya kawaida, hayo yaache.

Kama boksi ni kavu, usihitimishe kwamba hakuna uvujaji. Kwangu ilikuwa hivyo. Gari langu lilipoteza karibu nusu lita kwa wiki, chini hakuna tone. Fundi wa kwanza akatoa thamostati, ile valvu inayofunguka kwa joto kuruhusu maji yaende kwenye rejeta. Wa pili akaniuzia rejeta. Maji yakaendelea kupungua. Mwishowe yakapatikana kwenye mpira wa hita, nyuma ya injini, karibu na ukuta unaotenganisha injini na abiria: ufa mwembamba kama uzi, uliovuja mfumo ukiwa na shinikizo tu, na matone yakaangukia bomba la moshi na kukauka kabla ya kufika chini. Alama pekee ilikuwa unga mweupe wenye wekundu juu ya bomba. Mpira wenyewe ni urefu wa kiganja.

Kwa hiyo tafuta unga na michirizi ya rangi, si umajimaji peke yake. Kulanti ikikauka huacha ukoko. Anza mbele:

Rejeta za sasa zina kiini cha alumini na vichwa vya plastiki vilivyobanwa kwa meno ya chuma. Pale plastiki inapokutana na alumini ndipo panapoanza kuvuja. Plastiki iliyokuwa nyeusi ikigeuka kahawia, imepikwa na itapasuka, leo au baada ya miezi. Fundi rejeta wa zamani alichomelea rejeta za shaba na zikadumu. Plastiki haichomelewi hivyo, na gundi juu ya ufa hukupeleka nyumbani tu.

Kisha mipira, wa juu na wa chini. Ibonyeze ikiwa baridi. Iliyovimba karibu na klempu, iliyo laini kama ndizi mbivu, au inayotoa mlio wa kukatika, ibadilishe.

Halafu wota pampu, inayozungusha maji. Chini ya shafti yake kuna kitundu kidogo kilichowekwa makusudi: muhuri wa ndani ukifa, maji hutokea hapo. Michirizi ya rangi kutoka kitunduni ina maana pampu imefika mwisho. Ikiwa pia unasikia mlio wa kusaga, au puli inacheza ukiitikisa, usisafiri nayo.

Usisahau nyumba ya thamostati na gasketi yake, mipira miembamba inayopeleka maji kwenye throto (mlango wa hewa inayoingia kwenye injini), na ile ya hita huko nyuma ambako mkono haufiki. Tumia kioo kidogo na tochi. Mahali pagumu kufikika ndipo mafundi wenye haraka hawapaangalii.

Hatua ya 4: Pampu ya shinikizo

Macho yakishindwa, nenda kwenye gereji yenye pampu ya kupimia rejeta. Inafanana na pampu ya baiskeli yenye geji na hukaa mahali pa mfuniko. Injini ikiwa baridi na rejeta imejaa, pampu hadi namba iliyo kwenye mfuniko wako, usizidishe, kisha uache robo saa. Mshale ukibaki palepale, nje hakuna uvujaji. Ukishuka, fuata tone. Mfumo una shinikizo bila kuwa na moto, kwa hiyo maji hayakauki, yanadondoka wazi na unaweza kuyashika. Mshale ukishuka na nje pakabaki pakavu kabisa, maji yanaingia ndani: kwa abiria au kwenye injini.

Ukiniuliza mimi, kipimo hiki kitangulie kabla hujanunua kifaa chochote cha mfumo wa maji. Fundi anayekwambia ununue rejeta mpya bila kupima, mwombe apime kwanza.

Hatua ya 5: Zulia na kioo

Rejeta ya hita iko nyuma ya dashibodi. Ikivuja, zulia la mbele hulowa, mara nyingi upande wa abiria, kioo cha mbele hupata ukungu wa mafuta usiofutika kirahisi, na ndani kuna ile harufu tamu. Mfereji wa kiyoyozi ulioziba nao hulowesha zulia, lakini maji yake hayana rangi, harufu wala utelezi. Sugua kwa vidole utajua.

Hatua ya 6: Ndani ya injini

Hapa ndipo gasketi ya hedi, hedi iliyopinda au bloku iliyopasuka huhusika. Usiikimbilie hatua hii kabla ya zile za juu, na usimkubalie mtu anayesema "gasketi imekufa" kwa kutazama tu. Zipo njia za kuthibitisha.

Asubuhi injini ikiwa baridi kabisa, shika mpira wa juu, washa gari. Ukiwa mgumu ndani ya dakika moja au mbili, kabla maji hayajapata moto, shinikizo hilo halijatokana na joto. Ni gesi ya silinda inayopenya kwenye maji. Siku nyingine, injini ikiwa baridi, fungua mfuniko, jaza, washa na utazame shingoni. Mapovu machache mwanzoni ni hewa iliyobaki. Mapovu yasiyokoma, yanayoongezeka ukikanyaga mafuta, ni gesi. Zima mara maji yakianza kupanda.

Uthibitisho bora wa bei nafuu ni kimiminika cha bluu cha kupimia gesi. Hewa ya juu ya maji ya rejeta inanyonywa ipite ndani yake. Kikigeuka kijani au njano, kuna hewa ukaa kutoka kwenye mlipuko wa silinda, na gasketi au hedi ina njia.

Dalili nyingine hukubaliana na hizo. Moshi mweupe mzito unaoendelea hata injini ikipata moto, wenye harufu tamu. Gari kutetemeka asubuhi sekunde chache kama lina plagi mbovu, kisha linatulia: maji yalidondoka kwenye silinda usiku. Fungua plagi zote uzipange. Moja ikiwa safi kuliko wenzake, silinda yake inaoshwa na mvuke.

Vuta kijiti cha oili. Oili yenye rangi ya chai ya maziwa imechanganyika na maji, na injini hiyo isiwashwe tena, kwa sababu beringi za shafti zinaliwa haraka. Lakini povu la maziwa chini ya mfuniko wa oili *peke yake*, kijiti kikiwa safi, huonekana pia kwenye magari ya safari fupi sehemu za baridi kama Njombe na Makete. Ni unyevu wa hewa. Watu wamefunguliwa injini bure kwa povu hilo.

Na kwa gari la otomatiki, kagua oili ya gia. Magari mengi hupoza oili hiyo ndani ya kichwa cha chini cha rejeta. Ukuta wa ndani ukitoboka, maji na oili ya gia huchanganyika na kuwa kama maziwa ya pinki. Gari la namna hiyo livutwe, lisiendeshwe hata mtaa mmoja, maana gia boksi hufa kabla ya injini.

Ikithibitika ni gasketi, usikubali ibadilishwe peke yake. Hedi ipimwe kwa rula ya chuma iliyonyooka na vipimo vya nafasi, yaani vipande vyembamba vya chuma vya kupimia mwanya. Kwenye injini nyingi ndogo za Toyota ukomo wa kupinda upande wa bloku ni milimita 0.05, yaani chini ya unene wa unywele wa kawaida. Ikizidi, ipelekwe mashineni kusawazishwa, na ipimwe kama ina ufa. Gasketi mpya juu ya hedi iliyopinda hufa tena baada ya muda mfupi.

Kuhusu kutoa thamostati

Ushauri huu umeenea Afrika Mashariki yote, na hoja yake ni kwamba nchi zetu zina joto. Thamostati haijui nchi. Kazi yake ni kuifikisha injini kwenye joto lake la kazi na kuishikilia hapo. Ukiitoa, injini inafanya kazi ikiwa baridi, inakula mafuta zaidi na oili inachafuka. Tena kuna thamostati zenye sahani ya pili, ambayo injini ikipata moto huziba njia ya mkato ili maji yote yapitie rejeta. Ukiitoa hiyo, njia ya mkato inabaki wazi, sehemu ya maji ya moto inarudi kwenye injini bila kupoa, na gari linaweza kuchemka zaidi mlimani.

Ipime jikoni. Itumbukize kwenye sufuria ya maji ikining'inia kwa uzi, weka kipimajoto, bandika jikoni. Namba iliyogongwa juu yake, tuseme 82, ndiyo nyuzi inapoanza kufunguka. Isipofunguka hata maji yakichemka, au ikiwa wazi tangu baridi, nunua nyingine ya namba ileile.

Kujaza upya

Uvujaji ukishazibwa, hewa iliyobaki ndani inaweza kuichemsha injini iliyo nzima. Inua pua ya gari kidogo, kwenye mteremko au kwa jeki na stendi imara. Weka hita upande wa moto. Jaza polepole, washa bila mfuniko, acha injini iungurume taratibu bila kukanyaga mafuta, ukibonyezabonyeza mpira wa juu na wa chini. Thamostati ikifunguka, maji yatashuka ghafla. Ongeza. Endelea mpaka feni iwake mara mbili na hita itoe upepo wa moto kweli, kisha funga.

Tumia kulanti na maji yaliyochemshwa na mvuke wake kupozwa, yale yanayouzwa kama maji ya kuongezea betri (si asidi ya betri), nusu kwa nusu. Maji ya kisima cha Dar au Dodoma yana chumvi, na chumvi hiyo hugeuka gamba ndani ya mirija ya rejeta na kula alumini. Rangi isikuongoze, kwani watengenezaji hawana makubaliano ya rangi. Soma aina iliyoandikwa kwenye dumu na kitabu cha gari, na usichanganye aina mbili. Dawa za unga za kuziba rejeta ziache. Haziwezi kuchagua tundu, na mirija myembamba ya hita ndiyo huziba kwanza.

Bandika utepe mpya kwenye rizevu na uendelee kukagua kila asubuhi kwa wiki mbili. Kulanti ya zamani uliyoimwaga ikusanye kwenye dumu lenye mfuniko, uliandike, uliweke mbali na watoto. Nyingi ina glaikoli, ni sumu, na utamu wake huwavuta mbwa walambe palipomwagika. Mwagia maji mengi mahali hapo kabla hujawafungulia.